Neno Nililolikataza Darasani

Somo lenyewe ni la vipindi vinne tu, na nilikuwa nimelifundisha miaka mingi kabla halijaniuma. Linahusu namna nchi inavyotoka kwenye biashara na kuingia kwenye viwanda: kwanza watu wananunua na kuuza vitu vilivyotengenezwa na wengine, kisha wanaanza kuvitengeneza wenyewe. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini katika shule yetu hapa Voi mtoto akielezwa kwa Kiingereza peke yake anabaki anakutazama tu. Kwa hiyo mimi husoma sentensi ya kitabu, kisha nikakifunga na kueleza upya kwa Kiswahili. Kiswahili nacho ni somo langu, na hapo ndipo ukali wangu unapotokea.

Niuseme ukali huo mapema. Mimi ni Mtaita wa milimani. Nilizaliwa ndani ya Kidawida, lugha ya kwetu, na Kiswahili nilikikuta shuleni, basi nakitunza kama mtu aliyeazimwa baiskeli, kila wakati nikihofia mwenyewe atakuja kuona mkwaruzo. Wanafunzi wangu hawana hofu hiyo. Nilikuwa nimeandika orodha ya maneno niliyoyapiga marufuku kwenye karatasi ya manila, nikaibandika kando ya ubao. Aliyetamka mojawapo alisimama mpaka apate la Kiswahili. "Shifti" lilikuwa la tatu. Wazazi wao wengi wanafanya kazi hotelini, kwenye vituo vya mafuta na stesheni ya reli, na hilo neno lilikuwa halikauki midomoni mwao. Mimi nilitaka waseme "zamu", na walijua sitaki mzaha.

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani na meza ya vitambaa kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Yeye aliniita mwalimu, mimi nikamwita fundi, hata mbele ya wageni, na kwa kuwa hatukujaliwa watoto hakukuja jina jingine la kutuondolea hayo. Aliweza kumtazama mwanamke akivuka barabara, akajua gauni lake litakula kitambaa kiasi gani. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alishona sare za karibu nusu ya wanafunzi wangu. Kisha sare zilizoshonwa tayari zikaanza kufika kwa malori, zimekunjwa ndani ya nailoni, na wateja wake wakabaki wale wa kubana kiuno na kubadilisha zipu. Mwaka wake wa mwisho sokoni nilimkuta mara nyingi amelaza mikono juu ya cherehani, anatazama mabasi ya Mombasa yakipita.

Rafiki yake wa kutoka kwao Mtito Andei ndiye aliyemwambia kuna kampuni ya nguo Athi River, karibu na Nairobi, inatafuta washonaji. Watu hapa husema kampuni wakimaanisha kiwanda, na hilo nalo lilikuwa kwenye orodha yangu. Aliniletea habari hiyo tukila chakula cha jioni. "Mwalimu, unaonaje?" akaniuliza.

Nilimpa mhadhara. Nilimwambia nchi haiwezi kuendelea kwa kuuziana vitu vya watu wengine, lazima itengeneze vyake, na mafundi kama yeye ndio wanaohitajika. Nilizungumza vizuri sana, nakumbuka nilijipenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakusanya sahani, akasema, "Basi sawa." Baada ya wiki mbili alikuwa ameondoka.

Kupika chakula cha mtu mmoja ni jambo lililonishinda kujifunza. Ama nilipika kidogo nikalala na njaa, ama nilipika kama tuko wawili na kesho yake nikala kiporo. Siku za wiki zilipita kwa sababu ya shule. Jumapili mchana ndiyo iliyonimaliza. Nikitoka kanisani nilikuta nyumba imepashwa joto na mabati, ndoo zimepangwa zikingoja siku ya maji, na leso yake moja aliyoisahau ikining'inia nyuma ya mlango. Nilianza kusahihisha madaftari polepole ili yasiishe. Siku moja mtangazaji wa redio alikosea upatanisho wa kisarufi, nikamsahihisha kwa sauti, nikageuka kuona kama kuna mtu amecheka. Nilikuwa mpweke, na niliona aibu kuwa mpweke, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimetoa ule mhadhara.

Tuliwasiliana kwa ujumbe wa simu. Kule kazini simu hufungiwa kwenye makabati mpaka mtu atoke, na akitoka amechoka. Aliandika kwa ufupi: "Niko shifti ya usiku wiki hii." Mimi nilimjibu kwa sentensi kamili zenye nukta na mkato. Mara moja nilimjibu, "Sema zamu." Nilikuwa natania. Hakujibu, nami nikadhani amelala.

Darasani nilimtumia vizuri zaidi. Tulipofika kwenye mgawanyo wa kazi niliwaambia wanafunzi kwamba mke wangu, fundi aliyekuwa akishona gauni zima kuanzia kitambaa hadi kifungo, sasa anashona mfuko wa nyuma wa suruali, tena ule wa kushoto peke yake. Wa kulia ni wa mtu mwingine. Waliduwaa. Niliwaeleza kwamba hivyo ndivyo suruali elfu zinavyotoka kwa siku moja, na kwamba hiyo ndiyo maana ya maendeleo. Sikuwaambia kwamba yeye mwenyewe alipoanza kazi hiyo aliniandikia, "Mwalimu, leo sijaona suruali hata moja ikiisha."

Halafu siku moja ya Alhamisi nilipata ujumbe huu: "Nimeshift jana. Huku ni afadhali."

Nilifurahi. Alikuwa amelalamika kuhusu zamu ya usiku kwa miezi, miguu ikimvimba na usingizi wa mchana ukimkataa. Niliona wamemhamishia mchana hatimaye. Nilimwandikia, "Vizuri sana, fundi. Kazi njema." Kesho yake niliingia darasani nikawaambia wanafunzi kwamba mke wa mwalimu wao amepata zamu ya mchana, kwamba kiwandani mtu akifanya kazi kwa bidii hupanda. Nikawaambia wampigie makofi. Walipiga makofi kwa furaha, kama watoto wanavyopigia chochote kinachowapunguzia dakika za somo.

Baada ya hapo majibu yake yalizidi kuwa mafupi. Nikiuliza habari, ni "Nzuri." Nikimwambia mvua imenyesha Mwatate, ni "Sawa." Nilikasirika kidogo. Nilijiambia mtu akishapata nafuu husahau alikotoka.

Wiki ya tatu tangu ujumbe huo ndipo nilipofika kwenye kipindi cha mwisho cha lile somo. Nilisoma sentensi ya kitabu, na ndani yake, kwa Kiingereza chake, kitabu kilisema nchi ilifanya shifti kutoka biashara hadi viwanda. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi bila kuona kwamba neno nililolikataza limekaa humo limetulia. Kabla sijaanza kueleza, msichana mmoja aliyehamia kwetu muhula huo akainua mkono. Mama yake alikuwa akiwauzia chai madereva wa malori kule Maungu.

"Mwalimu," akauliza kwa makini kabisa, "sasa nchi iko shifti ya mchana ama ya usiku?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi damu ilinipanda, sijui ni kwa ajili ya kicheko au kwa ajili ya neno. Nilimwambia asimame mpaka alipate kwa Kiswahili.

"Zamu," akasema haraka.

"Hapa si zamu. Nchi haifanyi kazi kwa zamu."

Mwenzake wa nyuma akanong'ona, naye akalirudia, "Mpito." Nikaliandika ubaoni, na zamu nikaiandika pembeni yake ili waone tofauti. Hasira ilikuwa imeanza kushuka, nikataka kumpa nafasi ya kujikomboa, kwa hiyo nikamuuliza kama analijua jingine.

"Kuhama, mwalimu. Sisi tulishift kutoka Maungu tukakuja Mwakingali. Mtu akisema ameshift, ni amehama nyumba."

"Nani husema hivyo?"

Alinitazama kama anayetafuta namna ya kunijibu bila kunikosea heshima. "Watu wote, mwalimu."

Niligeuka ubaoni kuandika. Nilipofika kwenye herufi ya mwisho nikakumbuka ule ujumbe wa Alhamisi. Nimeshift jana. Huku ni afadhali. Huku! Mtu hawezi kusema huku akimaanisha saa za kazi. Huku ni mahali. Nimefundisha vielezi vya mahali kwa miaka ishirini na mitatu, nimetoa alama na kunyang'anya alama kwa ajili ya huku na huko na humu, na mke wangu aliponiandikia kimoja cha kwake sikukiona. Alikuwa ameniambia amehama nyumba, mimi nikamwambia kazi njema. Sikumuuliza ni wapi wala na nani, na wiki tatu zilikuwa zimepita.

Nilikaa kwenye kiti. Wanafunzi walidhani ni adhabu mpya.

"Mwalimu," yule msichana akasema taratibu, "nikae?"

Nikamwambia akae. Sikumaliza kipindi.

Mawazo yaliyonijia mchana huo si mazuri, lakini ndiyo yaliyonijia. Mwanamke aliye mbali na mumewe, amehama, anasema huku ni afadhali. Afadhali kuliko wapi? Niliogopa amehamia kwa mtu. Niliogopa kwamba alinipa taarifa kiungwana, na mimi nikampa baraka zangu, tena nikapigisha watoto makofi. Jioni nilimpigia, akashika, nami nikamuuliza habari za kazi tu. Mtu mzima, mwalimu, nikaona aibu kumuuliza mke wangu anaishi wapi.

"Tukifunga kwa nusu muhula nitakuja," nikamwambia.

Akajibu, "Sawa. Utanikuta getini saa kumi na moja."

Ijumaa ya nusu muhula nilipanda treni ya asubuhi stesheni ya Voi. Nilikuwa nimebeba ndizi na parachichi kutoka kwa dada yangu milimani. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia, na kila sentensi niliyoitunga ilitoka kama ya kitabu.

Saa kumi na moja lango lilifunguliwa, wakaanza kutoka. Sikuwa nimejiandaa kwa wingi wao. Walikuwa wanawake mamia, wote wenye makoti ya bluu na vitambaa vya kichwani vya rangi moja, wakifungua mikoba yao mbele ya askari mmoja baada ya mwingine. Nilimtafuta mke wangu kwenye nyuso hizo na sikumpata. Yeye ndiye aliyekuja akanigusa mkono.

"Mwalimu, mbona unanipita?"

Alikuwa amekonda, na vidole viwili vya mkono wa kulia alikuwa amevifunga plasta. Nilitaka kumkumbatia lakini watu walikuwa wengi, nikampa mfuko wa ndizi.

Tulitembea kama nusu saa tukizungumza habari za nyumbani, nani ameoa, nani ameugua. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akitungoja huko alikonipeleka. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili katika ploti tulivu, sakafu imepigwa deki, dirisha la chumba cha mbele likitazama ukuta wenye maua. Chini ya dirisha hilo palikuwa na meza ya mbao, mpya, isiyo na kitambaa wala chombo juu yake. Moyo wangu ulitulia, na nikaona haya kwa yote niliyoyawaza.

Alichemsha chai. Tulipoketi nilimwambia, kwa sababu sikuweza kuvumilia tena, "Fundi, ile siku uliyoniandikia. Nilidhani umebadilishiwa zamu."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko chake chenyewe, kile nilichokuwa nikikitafuta nikigeuka kutoka kwenye redio. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu kicheko kikaisha ghafla.

"Kwa hivyo hukuwa umekataa," akasema.

"Kukataa nini?"

Akanieleza polepole, huku akiuvuta uzi uliotokeza kwenye mkono wa koti lake. Nyumba ya kwanza aliyokuwa akikaa ilikuwa ya chumba kimoja, na walikuwa wamejazana humo wanne. Alipata hii ya vyumba viwili, akaona ni kubwa kwake, lakini si kubwa kwa watu wawili. Alikuwa ameulizia, akaambiwa shule za huku zinatafuta walimu wa Kiswahili. Meza aliinunua kwa ajili ya madaftari yangu. Hakutaka kuniomba nije, maana alijua ninavyoipenda shule yangu. Alitaka nianze mimi. Alitaka niulize tu, "Umehamia wapi?" ili yeye aseme, "Njoo uone."

"Nikangoja Ijumaa," akasema. "Nikangoja Jumamosi na Jumapili. Nikasema, huyu mtu nimemwambia nimetoka nilikokuwa, ananiambia kazi njema, kama anaandikia mwenye duka. Jumatatu supavaiza akaleta karatasi za wenye wanataka kuongeza mkataba wa miaka miwili. Nikatia sahihi. Halafu nikatafuta mtu wa kukaa na mimi, sababu peke yangu nilikuwa siwezi. Si kodi. Kukaa."

Nilimwambia jambo baya zaidi nililokuwa nalo, labda ili liishe. "Niliwaambia wanafunzi wakupigie makofi."

"Kwa kuhama?"

"Kwa zamu ya mchana."

"Na wakapiga?"

"Walipiga."

Aliitazama ile meza. "Mimi bado niko ya usiku wiki moja, ya mchana wiki moja. Haijawahi kubadilika." Kisha akaniuliza bila ukali, kama anavyomuuliza mteja anataka mikono mirefu au mifupi, "Mwalimu, wewe unataka mke ama unataka mfano?"

"Nataka urudi nyumbani," nikasema. "Nimetaka hivyo tangu siku ile ya kwanza. Sikutaka uende hata kidogo."

Ndivyo nilivyolisema, katikati ya chai, kwa sauti iliyonikwaruza. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono usio na plasta.

"Hayo maneno nilikuuliza, mwalimu. Nilikuuliza unaonaje. Ukaniambia habari ya nchi."

"Nilidhani unajua."

"Sikujua."

Niliwaza kumwambia nitaomba uhamisho, nitakuja mimi, na nilikuwa nimefungua mdomo kulisema wakati mlango ulipobishwa. Mke wangu alijipangusa uso, akainuka, akafungua. Aliingia mwanamke wa rika lake mwenye koti la bluu, akavua viatu kama mtu aliye kwake, akaweka funguo na mkoba juu ya meza ile ya mbao, kisha akaniona.

"Huyu ni mwalimu," mke wangu akamwambia. "Ametoka Voi. Anarudi kesho."

"Karibu sana, mgeni," yule mwanamke akasema, akinipa mkono.

Nilimtazama mke wangu, nikingoja amsahihishe, amwambie mimi si mgeni, ni mumewe. Hakumsahihisha.